Komredi, umefunga mlango lakini dirisha liko wazi: Venye HTTPS inafaa kulinda tovuti yako yote

Saa kumi jioni, Kakamega. Kama kawa, mvua imeshuka bila kubisha hodi. Ulikuwa umetoka lekcha pale Masinde Muliro ukielekea Lurambi, sasa umejibanza kwa kibanda cha chai na bundles zimeisha. Unacheki simu: kuna WiFi ya bure, haina paswadi. Unaingia. Unafungua ile tovuti ya hosteli uone kama rent imesoma, unachapa namba ya simu, unachapa paswadi. Maisha yanaendelea.

Meza ya pili kuna msee na laptop. Anakunywa chai polepole. Je, ameona ulichochapa?

Inategemea kama tovuti ile ilikuwa HTTP ama HTTPS. Na kama wewe ndiye msee aliyejenga hiyo tovuti, inategemea kama ulifanya kazi yote ama uliishia katikati. Wengi huishia katikati, na leo tunaongea kuhusu hiyo nusu iliyobaki.

Kukaa wazi ukidhani uko faraghani

Watu wa Kakamega tunaijua stori ya Muliro Gardens. Wapenzi walikaa kwa nyasi wakidhani wako peke yao, kumbe kuna mtu na kamera, picha zikazunguka nchi nzima. Shida haikuwa kupendana. Walikuwa mahali pa wazi wakajiambia ni faragha.

HTTP ya kawaida ni hivyo hivyo. Maneno yako yanatoka kwa simu yakiwa uchi, yanapitia ruta ya kibanda, yanaingia kwa kampuni ya intaneti, yanapita kwa mitambo ya watu usiowajua hadi yafike kwa seva ambayo pengine iko Ulaya ama Marekani. Kila kituo njiani kinaweza kusoma. Mbaya zaidi, kinaweza kubadilisha: wewe unaona ukurasa wa hosteli, kumbe namba ya malipo iliguswa njiani.

HTTPS inafanya nini? Cheki hivi. Ukiwa mdogo, wewe na mbogi yako mlikuwa mnabonga Sheng mbele ya mathe ili asishike rada. Maneno anayasikia, maana haipati. Huko ndiko kusimba: ujumbe unageuzwa kuwa mchanganyiko ambao mwenye ufunguo pekee ndiye anaelewa. Tofauti ni kwamba Sheng ya mtaa ikizoeleka, hata mathe anaijua. HTTPS inatunga lugha mpya ya siri kila unapofungua mawasiliano na tovuti. Ya jana haisaidii kusoma ya leo.

Inakupa vitu vitatu kwa mpigo. Kwanza, siri: wa njiani hasomi. Pili, uzima wa ujumbe: wa njiani akigusa hata herufi moja, inajulikana na mawasiliano yanakatwa. Tatu, utambulisho: tovuti inatoa cheti cha kuonyesha kwamba kweli ndiyo mwenye hilo jina. Bila hicho cha tatu, ungekuwa unabonga lugha ya siri na mwizi mwenyewe.

Muhuri wa mlangoni

Sasa hapa ndipo wasee wengi hujikwaa. Unajenga tovuti, unaweka HTTPS kwa ukurasa wa kuingia tu, kwa sababu "paswadi ndiyo siri". Kurasa zingine unaziacha HTTP. Unalala usingizi mzito.

Fikiria umeenda klabu. Mlangoni unalipa, baunsa anakugonga muhuri mkononi. Kuanzia hapo hakuna anayekuuliza risiti. Ukitoka na kurudi unaonyesha mkono. Tovuti inafanya vivyo hivyo. Ukishaingia na paswadi, seva inakupa kuki, kipande kidogo cha maandishi ambacho simu yako inaonyesha kila unapofungua ukurasa. Mwenye kuki ndiye wewe. Seva haiangalii sura.

Kama kurasa zingine ni HTTP, hiyo kuki inapita uchi. Yule msee wa chai haitaji paswadi yako hata kidogo. Ananakili muhuri tu, anaingia.

Hii si nadharia. Oktoba 2010 jamaa anaitwa Eric Butler alitoa kiongezo cha Firefox kinachoitwa Firesheep. Unakaa kwa WiFi ya wazi, unabonyeza kitufe, majina na picha za watu walio kwa mtandao huo zinatokea kando. Unabonyeza mmoja, uko ndani ya akaunti yake ya Facebook ama Twitter. Butler alitaka kuonyesha dunia kitu ambacho wataalamu walikuwa wanakijua miaka na miaka: kufunga mlango wa mbele huku dirisha liko wazi ni kazi bure. Facebook ilikuja kuweka HTTPS kuwa kawaida kwa kila mtu mwaka wa 2013.

Tunisia ilijifunza kwa uchungu

Kesi ya pili ni ya bara letu. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, vijana wa Tunisia walikuwa barabarani wakipinga utawala wa Ben Ali, na Facebook ndiyo ilikuwa uwanja wao wa kupanga. Ghafla akaunti zikaanza kupotea. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba kurasa za kuingilia zilizofika nchini kwa HTTP zilikuwa zimepandikizwa kodi ya ziada njiani. Ukichapa paswadi, inanakiliwa. Kidole kilielekezwa kwa wadhibiti wa intaneti wa serikali. Jibu la Facebook lilikuwa kuwapitisha Watunisia wote kwa HTTPS.

Shika hiyo kwa makini, kwa sababu makosa haya bado yanafanywa. Kuna msee atakuambia, "Fomu yangu inatuma paswadi kwa HTTPS, niko sawa." Lakini kama ukurasa wenye hiyo fomu ulikuja kwa HTTP, wa njiani ameshaugusa kabla haujafika. Unamfungia mwizi nje akiwa tayari yuko sebuleni.

Hata kuelekeza upya hakutoshi

Sawa, umeelewa. Unaweka HTTPS kila mahali, na mtu akija kwa HTTP unamwelekeza upya. Vizuri. Lakini kuna mwanya mmoja umebaki.

Watu hawachapi "https" kwa simu. Wanachapa jina la tovuti tu, ama wanabonyeza linki ya zamani. Ombi la kwanza kabisa likiondoka kwa HTTP, seva inajibu "pitia huku kwa HTTPS," halafu ndiyo safari salama inaanza. Hiyo sekunde ya kwanza iko wazi. Mwaka wa 2009 mtafiti Moxie Marlinspike alionyesha chombo kinachoitwa sslstrip: kinakaa katikati, kinabonga HTTPS na seva, lakini wewe kinakuhudumia HTTP. Seva inaona kila kitu kiko fiti. Wewe unaona ukurasa uleule. Hakuna onyo jekundu.

Dawa yake ilipitishwa rasmi Novemba 2012, inaitwa HSTS. Ni mstari mmoja ambao seva inatuma: "Kwa muda huu wote, usinitembelee tena kwa HTTP." Brauza inakumbuka. Kuanzia hapo, hata ukichapa HTTP, brauza yenyewe inageuza kabla ombi halijatoka kwa simu. Yule wa katikati anabaki na chai yake.

Na ile mara ya kwanza kabisa, kabla brauza haijawahi kusikia huo mstari? Kuna orodha inayokuja ndani ya brauza zenyewe. Unaomba jina lako liwekwe humo, na brauza inakujua hata kabla ya kukutembelea.

Kazi ya mikono: hatua kwa hatua

Kama wewe ni komredi wa kodi, una kazi ya kujengea chama, kanisa ama duka la pale Amalemba tovuti, fuata hivi.

Moja, pata cheti. Usidanganywe ni doo. Tangu Desemba 2015 Let's Encrypt wanatoa vyeti vya bure. Cha siku 90 ukisahau kukifanya upya, wateja wako watapata onyo la kutisha. Kwa hivyo tumia programu kama Certbot ijifanyie yenyewe. Na usingoje ukumbusho: mwaka wa 2025 Let's Encrypt waliacha kutuma barua pepe za kuonya kwamba cheti kinaisha.

Mbili, elekeza kila HTTP kwenda HTTPS kwa jibu la 301. Kila ukurasa. Usiseme "hii ni picha tu" ama "hii ni ya kuhusu sisi tu".

Tatu, linda kuki. Zipe alama ya Secure ili zisitoke kamwe kwa HTTP, na HttpOnly ili kodi ya ukurasani isizisome. Ongeza SameSite. Ni maneno matatu, lakini yangezima Firesheep asubuhi na mapema.

Nne, safisha mchanganyiko. Ukurasa wako ni HTTPS lakini ndani yake umeita skripti kwa anwani ya HTTP? Brauza itaizuia na kitufe chako cha kulipa kitakufa. Pitia kodi yote utafute "http://".

Tano, washa HSTS, lakini polepole. Anza na max-age ya 300, yaani dakika 5. Ukiona wiki imepita bila kelele, panda. Mwisho weka 31536000, ambayo ni mwaka mzima. Kuna neno includeSubDomains linalofunga na majina yote madogo chini ya jina lako. Kama kuna mfumo wa zamani humo usio na cheti, utaufungia nje. Ile orodha ya ndani ya brauza iache iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu kuingia ni rahisi na kutoka ni miezi.

Habari njema ni kwamba vifaa vya kujengea vimekurahisishia. Kwa Rails ni mstari mmoja: config.force_ssl = true. Kwa Django kuna SECURE_SSL_REDIRECT, SESSION_COOKIE_SECURE, CSRF_COOKIE_SECURE na SECURE_HSTS_SECONDS. Ukimaliza, jipime mwenyewe: chapa curl -I na anwani yako ya http, uone kama 301 inarudi ikielekeza kwa https. Halafu pima kwa SSL Labs, ni bure, inakupa gredi kama mwalimu.

Mitego ya kukukosesha usingizi

Wa kwanza ni mzunguko usioisha. Umewasha kila kitu, ukifungua tovuti inazunguka hadi brauza inakataa. Mara nyingi sababu ni kwamba kuna seva ya mbele inayopokea HTTPS, halafu inaipitishia programu yako kwa HTTP. Programu inaona HTTP, inaelekeza upya. Ya mbele inapokea, inapitisha tena kwa HTTP. Mbio za panya. Suluhisho: seva ya mbele itume kichwa cha X-Forwarded-Proto, na uiambie programu yako ikiamini. Lakini ikiamini tu kutoka kwa seva yako ya mbele, la sivyo mtu yeyote anaweza kujitungia.

Wa pili ni kufuli la uongo. Ukitumia Cloudflare kwa mpangilio wa Flexible, mteja anaona HTTPS, lakini kati ya Cloudflare na seva yako mambo yanapita uchi. Chagua Full (strict), ambayo inakagua cheti chako pia.

Wa tatu ni API. Kwa watu, kuelekeza upya ni poa. Kwa programu inayotuma ufunguo wa siri kwa HTTP, ukiielekeza upya unaficha kosa: ufunguo umeshapita wazi, na utapita tena kesho na kesho kutwa. Afadhali ikataliwe kabisa ili mwenye programu ashtuke na arekebishe. Na kama unapokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, ukienda kwa mfumo halisi anwani ya kupokea majibu inatakiwa iwe HTTPS. Hapo hakuna kubembeleza.

Sheria nayo iko macho

Usifikirie hii ni mambo ya mageek pekee. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ukikusanya majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya watu, hata kama ni tovuti ya hosteli ya vyumba 20, una jukumu la kuzilinda, na kusimba data kumetajwa humo waziwazi kama njia mojawapo. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, ile iliyo ndogo.

Ukidhani ni maandishi tu, kumbuka Septemba 2023. Ofisi ya Kamishna ilitoza shule moja milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa. Hizo hazikuwa kesi za HTTPS, lakini zinaonyesha kwamba hiyo ofisi haichezi. Msee akinasa mawasiliano ya wengine, naye anangojwa na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018.

Mambo ambayo HTTPS haiwezi

Tuwe wakweli. HTTPS inalinda safari. Haimjui mwenyeji. Tapeli anaweza kujisajilia jina linalofanana na la tovuti ya mkopo wa wanafunzi, akapata cheti cha bure kama wewe, na kila kitu kikaonekana safi. Utakuwa umeongea na mwizi kwa usalama kamili. Hiyo ndiyo sababu moja Chrome iliondoa ile alama ya kufuli mwaka wa 2023: watu walikuwa wanadhani inamaanisha "tovuti hii ni ya kuaminika".

Pia haizuii kufurikwa. Julai 2023 eCitizen ililemewa na mashambulizi ya maombi mengi ya uongo, kundi la Anonymous Sudan likadai ndilo lililofanya. Huduma zilikwama. Hiyo ilikuwa msongamano mlangoni, na kusimba hakupunguzi msongamano. Na kama paswadi yako ni tarehe yako ya kuzaliwa, ama kodi yako inaruhusu mtu kuchokoa hifadhidata, HTTPS itamletea mwizi salama salimini hadi ndani.

Kama wewe ni mtumiaji tu

Huna kodi, una simu tu? Una kazi pia, na ni ya dakika 2. Kwa Chrome, ingia mipangilio, tafuta sehemu ya usalama, washa chaguo la kutumia miunganisho salama kila wakati. Firefox nayo ina hali ya HTTPS pekee. Kuanzia hapo, tovuti isiyo salama itabidi ikuombe ruhusa kwanza.

Ukiona onyo la ukurasa mzima kwamba muunganisho si salama, usibonyeze "endelea" ukiwa kwa WiFi ya bure. Kwanza angalia tarehe ya simu: betri ikiisha kabisa, simu za zamani hurudi miaka nyuma, na vyeti vyote vinaonekana vibovu. Tarehe ikiwa sawa na onyo bado lipo, toka. Soma jina la tovuti herufi kwa herufi kabla ya kuchapa paswadi. Na ukimaliza kwa saiba, toka kwa akaunti. Usiache muhuri wako kwa meza ya watu.

Na ukiona tovuti ya chuo, sacco ama hosteli bado inachukua paswadi yako ikiwa na neno la "si salama" kule juu, wapigie ama waandikie. Waambie cheti ni bure. Kama wataitikia kwamba hawana mtu wa kuifanya, basi mwambie huyo komredi wa kodi aliyekaa karibu na wewe. Hiyo ni kazi ya siku moja, na anaihitaji.

Mvua ya Kakamega itakata baada ya saa moja hivi. Utalipa chai, utapanda boda hadi kejani. Yule msee wa laptop naye atafunga begi aondoke. Kama tovuti ya hosteli ilifungwa yote, mlango na madirisha, atakuwa ameondoka na joto la chai pekee.